Kambi na baiskeli Taita: kabla ya kuuogopa mlima, upangeni mteremko

Swali: "Sisi ni jamaa na marafiki wa Tudor, Mombasa, watu wazima sita na watoto watatu wa miaka 7, 11 na 14. Wengi wetu tumezoea kuendesha baiskeli Jumapili asubuhi kutoka nyumbani hadi Mama Ngina na kurudi. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, tunataka kwenda Taita mwishoni mwa wiki, tupige kambi Wundanyi na tuendeshe baiskeli milimani. Mume wangu anataka tupande kwa baiskeli kutoka Mwatate, nami naona mlima ule utawashinda watoto. Shemeji yangu asema kuna njia rahisi: baiskeli zipandishwe kwa gari, kisha sote tushuke nazo kwa lami hadi Mwatate, maana kushuka hakuchoshi. Baiskeli zetu ni za mitumba, na mbili tutaazima. Tufuate rai ya nani, na tujitayarishe vipi?"

Jibu: Dada yangu, rai ya mumeo ni ngumu lakini hatari yake ni ndogo, na ya shemeji yako ni nyepesi lakini ndiyo inayonitia hofu. Atakayeshindwa na mlima atateremka kwenye baiskeli, aikokote, apumzike kivulini, na hasara yake haitazidi uchovu. Atakayeshindwa na mteremko hapati nafasi ya kupumzika wala kufikiri, kwa sababu kila sekunde inayopita humzidishia mwendo. Kwa hivyo nakushauri mpange safari nzima kwa kuangalia kwanza mtashukia wapi, nani atashuka na kwa breki gani, kisha mengine yote yafuate.

Barabara ya kutoka Mwatate hadi Wundanyi ina urefu wa kilomita 15 hivi, na katika masafa hayo inapanda karibu mita 500 kwa kona kali zinazofuatana, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Matatu na magari ya mboga huipita kutwa. Sasa mchukue mtu mzima ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 90. Akishuka mita 500, nishati anayopaswa kuiondoa njiani ni zaidi ya kilojuli 400, nayo yatosha kuchemsha lita nzima ya maji na ikabaki. Anayekwenda mbio hupunguziwa sehemu ya mzigo huo na upepo unaomkabili, lakini anayeshuka polepole, kama mzazi yeyote atakavyotaka mwanawe ashuke, huutia karibu wote kwenye breki. Hapo ndipo hesabu ya shemeji yako inapoharibika: kadiri mnavyowaambia watoto wasikimbie, ndivyo breki zao zinavyobeba sehemu kubwa zaidi ya nishati hiyo. Breki za mpira hulipeleka joto hilo kwenye rimu na tyubu, na kiraka cha zamani huweza kubanduka. Breki za diski zinazotumia mafuta, ikiwa mafuta yake yamekaa miaka bila kubadilishwa, huweza kufika hali ambayo unaubana mkono wa breki hadi ukagusa usukani na gurudumu lisikamate.

Mtu anayeendesha kutoka Tudor hadi Mama Ngina hawezi kulijua jambo hili, hata akiendesha kila Jumapili kwa miaka mingi, kwa kuwa kisiwani hakuna mahali unapobana breki zaidi ya sekunde chache. Isitoshe, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao baiskeli huupata yenyewe kwenye mteremko bila mtu kukanyaga pedali, ni mita 11 kila sekunde, na masafa ambayo breki zinahitaji ili kukusimamisha kutoka mwendo huo ni mara nne ya yale ya mwendo wa kilomita 20. Mtoto wa miaka 11 akikutana na matatu kwenye kona katika mwendo huo hana la kufanya. Sitaki mjaribu.

Nakupendekezea mpango huu badala yake. Ondokeni Mombasa siku ya Ijumaa baada ya swala ya Ijumaa, mlale Voi katika nyumba ya wageni. Msiendelee hadi Wundanyi usiku huo, kwa sababu njia kuu ina malori mengi, mtafika giza limeingia, na kusimamisha hema gizani kwa mara ya kwanza, watoto wakiwa na njaa na baridi, huharibu nyoyo za watu kabla safari haijaanza. Msimame Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mnyooshe miguu na mswali. Jumamosi alfajiri mumeo na wengine wanaotaka kupanda waanzie Mwatate saa 12 na nusu, jua likiwa bado dogo, gari moja likiwafuata nyuma, nanyi pamoja na watoto mtangulie na gari la pili mkaweke kambi. Waendesha baiskeli wa Jumapili watachukua saa mbili hadi tatu kuumaliza mlima huo, na kukokota sehemu fulani si aibu. Wapande kwa gia nyepesi kabisa tangu mwanzo, wakiwa wamekaa kitini, kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Atakayeshindwa kutamka sentensi nzima anakwenda kasi mno. Nusu lita hadi lita moja ya maji kwa kila saa ndiyo kiasi cha mtu mzima.

Watoto wataendeshea huko juu. Kutoka Wundanyi kuna barabara za udongo zinazozunguka migongo ya vilima, kuelekea Werugha na msitu wa Ngangao, zikipita katikati ya mashamba ya matuta yenye kabichi, migomba na maharagwe. Zinapanda na kushuka kwa vipande vifupi, na kila mteremko mfupi hufuatwa na kilima kinachoipunguza baiskeli mwendo chenyewe. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kushuka, kwa sababu akikosea udongo unamsamehe kidogo na magari ni machache. Kwa mtoto wa miaka 11, kilomita 10 hadi 15 kwa siku, pamoja na vituo vya kula na kutazama, ni nyingi za kutosha. Wa miaka 14 ataweza kwenda na wakubwa mradi mtu mzima mmoja awe mbele yake na mwingine nyuma, na isiruhusiwe yeyote kumpita yule wa mbele. Wa miaka 7 achezee baiskeli yake kambini na kwenye sehemu tambarare, na miteremko yote apande gari. Atalia kidogo, mwacheni alie.

Ngangao ni sehemu ya msitu wa asili uliobaki kwenye vilima hivyo, nao ni wa Milima ya Tao la Mashariki, safu moja na Usambara, Uluguru na Udzungwa za Tanzania. Ukubwa wake ni hekta 120 hivi tu, lakini humo mna ndege wasiopatikana popote pengine duniani isipokuwa Taita. Mmojawapo ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa iliyoiva, na hupenda kupekua majani makavu chini ya miti. Acheni baiskeli nje, chini ya ulinzi wa mmoja wenu, muingie kwa miguu na mwenyeji anayeijua njia, kwa ruhusa ya ofisi ya Huduma ya Misitu. Vilevile mkiambiwa kwamba kichaka fulani ni fighi, yaani mahali patakatifu pa wazee wa Kidawida (Wataita), au kwamba kwenye pango fulani kuna mafuvu ya mababu, msipapande, msipaguse wala msipapige picha mpaka wenyewe wawaruhusu.

Nije sasa kwenye baiskeli zenyewe, ambako naomba msome kwa makini, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Mombasa hufanya kazi yake kimyakimya. Baiskeli iliyokaa kwenye roshani ya nyumba karibu na bahari huweza kung'aa rangi yote na waya wake wa breki ukawa umeliwa na kutu ndani ya mpira unaoufunika, mahali jicho lisipofika. Ubane mkono wa breki kisha uuachie: usiporudi wenyewe mara moja, waya huo haufai. Utazame pia pale waya unapotokea kwenye mpira. Ukiona unga wa rangi ya matofali, au hata uzi mmoja uliokatika na kuchomoza kama unywele, mwambie fundi atie waya mpya na mpira mpya pamoja, kwa baiskeli zote, pamoja na zile za kuazima. Hii ndiyo gharama ndogo kuliko zote za safari yenu na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Vipande vya mpira vinavyobana rimu vina mifereji. Mifereji ikifutika, vibadilishwe. Vya diski vikibaki na unene wa milimita moja, vibadilishwe. Na fundi akishika chupa ya mafuta kutaka kuipulizia baiskeli nzima ili aondoe kutu, mzuieni: mafuta ni ya cheni, na tone moja likigusa diski au rimu, breki hiyo haikamati tena mpaka isafishwe au vipande vyake vitupwe.

Kuna jambo la pili linalohusu mitumba, na sijaona wengi wakilizingatia. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida huwa breki ya mbele iko mkono wa kulia, na zilizotoka Ulaya bara huwa iko mkono wa kushoto. Katika kundi la baiskeli za mitumba kama zenu, zote mbili zitakuwamo. Mtu aliyezoea ya kwake akibadilishana na mwenziwe kwa dakika kumi, kisha akashtuka kwenye changarawe, mkono wake utabana ule uliozoea, na akibana ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, atarushwa juu ya usukani. Mpeleke baiskeli zote kwa fundi mmoja azifanye za namna moja; kwa breki za waya ni kazi nyepesi. Kisha mfunge utepe mwekundu kwenye mkono wa breki ya mbele wa kila baiskeli, hata zile mnazozijua.

Kwa baiskeli ya mtoto, angalia vidole vyake. Mikono ya breki mingi hutengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima, na mtoto huifikia kwa ncha za vidole tu, mahali asipokuwa na nguvu. Karibu na pale mkono wa breki unaposhikana na usukani mna skrubu ndogo. Ikikazwa, mkono husogea karibu na usukani. Uizungushe mpaka kifundo cha kwanza cha kidole chake cha shahada kiweze kuukamata akiwa bado ameushika usukani barabara. Kisha mpime hapo hapo uani: asimame kando ya baiskeli, abane breki ya mbele peke yake na kuisukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma likiinuka, nguvu zake zinatosha. Lisipoinuka, hata kwenye njia za udongo za Wundanyi asishuke.

Kofia ya kujikinga ni ya kila mtu, na hilo halina mjadala. Kofia ya mtumba ibonyezwe na kutazamwa ndani, na ikiwa povu lake lina ufa itupwe. Mkanda wa chini ya kidevu uache nafasi ya vidole viwili, visizidi.

Muda wa kufanya mazoezi bado upo. Jumapili moja mwende Mazeras, muendeshe barabara ya Rabai kuelekea Kaloleni, ambako kuna vilima vya wastani. Nyingine mvuke Likoni mwende Kombani, mpande hadi Kwale. Msifikirie kuendesha ndani ya hifadhi ya Shimba Hills ati kwa sababu iko karibu, maana mna ndovu, na mtu wa baiskeli hutokea kwa kasi asisikike. Katika matembezi hayo kila mmoja ajifunze kushuka akiwa amesimama juu ya pedali, pedali zote mbili zikiwa usawa mmoja, visigino vimeinama, makalio yamerudi nyuma ya kiti, kidole kimoja au viwili juu ya kila breki, na macho yakitazama anakokwenda badala ya kulitazama jiwe analoliogopa, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Anayebana breki katikati ya kona kwenye changarawe huteleza. Kwenye mteremko mrefu abane kwa nguvu kiasi, aachie, abane tena, na kila baada ya muda kundi zima lisimame breki zipoe. Diski iliyotoka kuteremka isiguswe kwa kidole, maana huunguza vibaya, na watoto hupenda kugusa.

Kuhusu baridi, watu wa Pwani huidharau mpaka saa nane za usiku. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na Wundanyi iko juu kiasi cha mita 1,400. Usiku wa Agosti ukiwa na nyuzi 22 Mombasa, hesabu hiyo yakupa kama nyuzi 14 huko, kabla hujatia upepo na umande. Agosti si mwezi wa mvua kubwa, lakini upepo wa Kusi ule ule unaochafua bahari yetu hupeleka mvuke kwenye vilima, na mvuke huo hugeuka ukungu na manyunyu yanayolowesha hema bila mvua kunyesha. Mwili hupoteza joto jingi kupitia chini, kwa hivyo mkeka wa sponji au magodoro membamba chini yenu ni muhimu kuliko blanketi la tatu. Nguo za pamba zilizolowa jasho zivuliwe kabla ya magharibi, na kila mtu awe na soksi na sweta alizoziweka kavu kwa ajili ya kulalia tu. Mlango wa hewa wa hema uachwe wazi kidogo, la sivyo pumzi zenu zitawadondokea alfajiri.

Na hapa naomba unisikilize kuliko popote pengine katika jibu hili. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema, wala katika gari mliloamua kulala, hata kwa dakika chache za kuwapasha watoto moto, hata makaa yakiwa yamebaki majivu. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu asiamke. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga. Mtoto akitetemeka, mvue nguo zenye unyevu, mtie kati ya watu wawili, mpe uji au chai ya moto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga iwekwe miguuni pake. Jiko na mtungi wa gesi vibaki nje, penye hewa.

Mahali pa kambi pasiwe Mwatate wala chini ya vilima, kwa kuwa ndovu wa Tsavo hushuka na kupanda mashambani huko usiku. Huko juu, mtafute uwanja wa shule, kanisa au boma la mwenyeji, muombe ruhusa kwa mwenyewe na kumjulisha mzee wa kijiji mapema, na mlipe mtakachokubaliana. Chagueni pahala palipo chini kidogo ya mgongo wa kilima, penye kizuizi dhidi ya upepo wa kusini, pasipo bondeni ambako baridi hukusanyika. Mboga na matunda mtanunua soko la Wundanyi yakiwa yametoka shambani. Nyama yenu mtoke nayo Mombasa ikiwa imechinjwa na kuwekwa barafu, au mle maharagwe na wali bila ya kuhangaika.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bendeji pana, plasta, maji safi ya kuoshea michubuko na dawa ya maumivu, na liwe ndani ya gari linalowafuata waendeshaji, lisibaki kambini. Hospitali iliyo karibu na Wundanyi ni ya Wesu, na ile kubwa ya kaunti ni ya Moi iliyoko Voi. Aliyeangukia kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akalala kusiko kwa kawaida apelekwe mara moja, hata akisema yu mzima.

Jumapili, baiskeli zipakiwe kwenye gari na watoto washuke wakiwa wamefunga mikanda. Shemeji yako akishikilia kutaka kuonja mteremko wa lami, simkatazi, maana ni mtu mzima. Lakini na awe peke yake au na mtu mzima mwenziwe, kwa baiskeli iliyopita vipimo vyote nilivyotaja, saa moja asubuhi ukungu ukiwa umeondoka na magari hayajazidi, avae glavu na nguo ya rangi kali, asimame kila baada ya kilomita mbili au tatu breki zipoe, na gari moja limfuate nyuma likiwa limewasha taa. Mkutane Mwatate, mnywe chai, mkaze kamba za baiskeli upya, na muondoke Voi kabla ya saa 6 mchana, ili mpite Mariakani na Mazeras kungali na mwanga.